Nabii Mkavu

Kwa miaka kumi na mmoja mjomba wangu alitafuta mstari mmoja katika Biblia, na hakuupata. Wala hakuwa msomaji wa kubahatisha. Alikuwa na penseli, miwani iliyofungwa waya upande wa kushoto, na Biblia nyeusi iliyochakaa katikati tu, pale walipo manabii. Kurasa za mwanzo zilikuwa safi na za mwisho zilikuwa safi, lakini ukiiweka mezani ilijifungua yenyewe mahali pale pale. Ni kwa Ezekieli, pale Mungu anapomwambia kwamba amemweka awe mlinzi wa watu wake. Mlinzi akiuona upanga unakuja asipige tarumbeta, watu watakufa katika makosa yao wenyewe, lakini damu yao itadaiwa mkononi mwake.

"Nionyeshe mmoja tu," aliniambia mara nyingi. "Mlinzi aliyeona, akanyamaza, watu wakafa, halafu akasamehewa. Hata nusu mstari."

"Mjomba, chakula kinapoa."

"Kitapoa tu. Wewe nionyeshe."

Mimi ni mpishi wa shule. Najua gunia la unga linalisha watoto wangapi na sufuria ipi inaunguza chini. Mambo ya manabii nimeyajua kwa lazima, jinsi mtu anavyozijua nyimbo za jirani mwenye redio kubwa. Hata hivyo swali lake nililielewa kuliko mchungaji alivyolielewa. Mmoja wa wale waliokufa alikuwa mama yangu, dada yake wa pekee. Kuna sababu nyingine pia, nitaifikia. Siikimbii, ila nikianza nayo nitajifanya mwema kuliko nilivyo.

Kazi yake ilikuwa kusoma mto. Watu wakisikia hivyo hudhani natania, lakini ndivyo ilivyoandikwa katika barua yake ya ajira: msomaji wa kina cha maji. Chini ya daraja kulikuwa na nguzo ya zege, na juu yake ubao mrefu wenye namba na mistari myeusi, na karibu na kichwa cha ubao mstari mmoja mwekundu, mnene kama kidole gumba. Mara tatu kwa siku alishuka zile ngazi, akatazama maji yamefika namba ngapi, akaandika kwenye daftari, akapiga simu ofisi ya maji. Msimu wa mvua alisoma kila saa. Juu ukingoni, mbele ya kibanda chake, palikuwa na kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo, na nyundo pembeni. Sheria ilikuwa fupi. Mstari mwekundu ukifunikwa, piga reli, na watu wa mtaa wa chini wapande kwenda shuleni, kwenye kilima.

Hakuoa. Mama alikuwa akisema hakuna mwanamke angemvumilia, maana kaka yake akipewa chai hutazama kwanza imefika wapi kwenye kikombe. Mama mwenyewe alikuwa mshonaji. Nyonga yake iliharibika siku aliponizaa, akawa wa kutembea kwa gongo, na nguvu zote zilizotoka miguuni zikahamia mdomoni. Aliishi mtaa wa chini, nyumba ya tatu kutoka mtoni, cherehani yake ikiwa imekaa dirishani ili aone nani anapita na amevaa nini. Mjomba alipita pale kila alipotoka kusoma maji. "Mto unasemaje?" mama anamuuliza. "Unasema unyamaze," anajibu kaka mtu. Basi hapo wamesalimiana.

Miaka miwili kabla ya maafa, mjomba alipiga reli kwa mara ya kwanza.

Ilikuwa asubuhi, mvua imenyesha siku tatu mfululizo, na mstari mwekundu ulifunikwa kwa upana wa shubiri nzima. Hakukosea hata chembe. Watu walitoka na magodoro vichwani, na redio, na watoto, na kuku waliofungwa miguu. Mjomba alipiga mpaka akaona watu wa uchochoro wote wametoka, halafu akakimbia kumchukua mama. Alimbeba mgongoni kilima kizima. Mama alikuwa akimpiga begani kwa gongo, "Polepole, hapo pana mawe, wewe unabeba mtu au unabeba mkaa?" Alicheka njia nzima. Naye mjomba, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, alikuwa akicheka kwa kukosa pumzi.

Watu wapata mia nne walijaa madarasani, na mpishi alikuwa mmoja. Nilipika tangu asubuhi ile hadi jioni ya siku ya pili. Nilipika unga wa mwezi mzima, nikapika maharage yote ya stoo, macho yangu yamevimba kwa moshi. Halafu maji hayakuja. Yalifika kwenye vizingiti vya nyumba za kwanza, yakasimama. Baadaye tulisikia kwamba huko juu ukingo ulikuwa umepasuka upande wa pili, upande wa mabwawa usiokaa watu, na mto ukajimwaga huko wote. Kesho yake ulikuwa umeshuka, umetulia, kama si wenyewe.

Ungedhani tutapiga magoti. Watu walirudi wakakuta kuku waliobaki wameibwa, na kinyozi akakuta kioo chake kikubwa kimechukuliwa na mlango umeng'olewa. Walikasirika kweli. Mungu hawakumkasirikia, maana yeye hakai kibandani karibu na daraja. Walimkasirikia mjomba. Mimi nami mwalimu mkuu alikuja jikoni kuniuliza unga wa watoto uko wapi, akaniuliza mbele za watu, kwa sauti ile ya kumuuliza mwizi. Alipotoka nilikuwa hoi kwa uchovu na aibu. Wanawake waliokuwa wakinisaidia kuosha sufuria walinitazama wakisubiri niseme kitu, maana nami mdomo nimeurithi. Nikasema, "Nendeni mkamuulize Nabii Mkavu. Ametabiri maji, tumepata vumbi."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Jioni ile jina lilikuwa limefika mtaa wa chini. Kesho yake lilikuwa kwa kinyozi, na wiki iliyofuata watoto walikuwa wanalipigia makofi. Nabii Mkavu. Akipita na daftari lake, mtu anatoa kiganja nje ya dirisha kupima kama mvua inanyesha. Akiingia dukani, mwenye duka anauliza kama anunue boti. Mama ndiye aliyelipenda kuliko wote. "Karibu, Nabii, jivue viatu, usije ukalowesha nyumba." Alikuwa anamtania, ndugu wa tumbo moja, na kila mtu alijua anampenda. Lakini nilimwona mjomba akitabasamu upande mmoja tu wa mdomo. Sikumwambia nani amelitunga. Hakuuliza.

Siku ya maafa jua lilikuwa linawaka. Mvua ilikuwa imenyesha kwingine, mbali, kwa watu tusiowajua. Saa tisa alasiri mjomba alishuka ngazi, akakuta maji yamegusa mstari mwekundu. Umelowa, lakini haujafunikwa. Alitoa kitambaa mfukoni akaupangusa ubao, akihisi pengine ni wimbi tu limerukia, kisha akatazama tena. Maji yalikuwa ya udongo, yana povu, na yanashusha matawi mabichi yenye majani. Msomaji wa mto akiona majani mabichi anajua kwamba huko juu miti inang'oka saa hiyo. Alijua. Mwenyewe amenieleza mara nyingi, polepole, bila kujitetea, hadi naiona.

Alipanda ngazi. Alichukua nyundo. Alisimama mbele ya reli akatazama mtaa wa chini: nguo zimeanikwa, watoto wanacheza mpira, kinyozi amemwekea mteja shuka shingoni, mbingu safi. Akasikia tayari kicheko chao. Akajiambia, sheria inasema kufunikwa, na haujafunikwa. Nitasoma tena baada ya nusu saa. Akaiweka nyundo chini.

Saa tisa na nusu aliposhuka, hakuuona mstari, wala ubao wenyewe. Alipiga reli mpaka mpini wa nyundo ukavunjika, akaendelea kupiga kwa jiwe. Wenye miguu mizuri waliwahi. Watu kumi na tisa hawakuwahi. Mama alihitaji mtu wa kumbeba, na mbebaji wake alikuwa anapiga reli. Walimkuta siku ya tatu. Cherehani ilikutwa siku ya kwanza, imesimama pale pale dirishani.

Mimi nilikuwa kilimani, naosha sufuria.

Ilikuja tume ya watu watatu, ikakaa katika darasa la nne, kwenye viti vya watoto. Mjomba alikwenda na begi. Alikuwa ametia mashati mawili, taulo na kipande cha sabuni, maana alijua akitoka pale ni jela moja kwa moja. Aliwaeleza yote: majani mabichi, kitambaa, nyundo aliyoiweka chini. Mwenyekiti wa tume, mzee mpole mwenye kikohozi, alimuuliza swali moja.

"Saa tisa kamili mstari ulikuwa umefunikwa au haujafunikwa?"

"Haujafunikwa, mheshimiwa. Lakini nilijua."

"Utaratibu hausemi kujua. Unasema kufunikwa."

"Mheshimiwa, niliona."

"Kaa chini, mzee wangu. Pole sana."

Wakaandika kwamba alifuata utaratibu. Ofisi ya maji ikamletea barua ya pongezi kwa utumishi wake, yenye muhuri. Akarudi nyumbani na begi lake. Nilidhani atashukuru. Aliiweka barua chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi, na begi akalitundika nyuma ya mlango bila kulifungua. Lilibaki pale miaka yote. Kila mwaka mpya alilifuta vumbi.

Hapo ndipo alipowageukia manabii. Binadamu walikuwa wamekataa kumhukumu, basi akaenda kwa wale wasiokataa. Na kweli waliwaka. Amosi anaitangaza hukumu ya mataifa, moja baada ya jingine, watu wanashangilia jirani zao wanavyopigwa, halafu ghafla moto unageuka na kuja mlangoni kwao. Mjomba alilipenda hilo. Alisoma kwa sauti, mkono mmoja juu ya meza, kama mtu anayesomewa kesi yake mwenyewe. Lakini kila alipofika mahali pa ghadhabu, kurasa chache mbele alikuta Mungu amelegea. Kwa Hosea, Mungu anaapa kuwaacha, kisha moyo unamgeuka, hawezi kumtupa mtoto aliyemfundisha kutembea. Kwa Yeremia, chungu kinaharibika mkononi mwa mfinyanzi, naye hakitupi, anakifinyanga upya. Mjomba alipiga mstari kwa penseli chini ya maneno hayo yote, na pembeni akaandika neno moja: "Wao."

"Wao ni nani, mjomba?"

"Walioambiwa. Hawa wote waliambiwa wakakataa kusikia, ndiyo maana kuna njia ya kurudi. Mtu aliyeambiwa anaweza kutubu. Wangu hawakuambiwa." Alivua miwani akaifuta. "Huruma imeandikwa kwa watu wa mjini. Ya mlinzi sijaiona."

Mchungaji wetu, kijana mwenye moyo mzuri na haraka nyingi, alikuja mara kadhaa kumfariji. Siku moja akamletea Yona. Akamweleza jinsi Yona alivyoikimbia kazi, na Mungu hakumwacha, akamfuata hadi ndani ya samaki.

"Mchungaji," mjomba alisema, "Yona alifika akasema. Mji ukapona. Kosa lake lilikuwa moja tu, alinuna ulipopona."

"Basi hapo unaona..."

"Ngoja. Mimi Yona nilishakuwa. Ile mara ya kwanza." Alikuwa anaongea na meza. "Maji yalipokoma kwenye vizingiti, nilikaa kule juu nikatazama yanashuka, na nikakasirika. Mungu amerehemu mtaa mzima, mimi nikanuna kwa sababu nimeonekana mwongo. Nilitamani nyumba moja iende. Moja tu, ya mtu asiyekuwemo. Umesikia? Niliombea nyumba ya mtu ibomoke ili nisichekwe."

Mchungaji alinitazama mimi, nami nikatazama dirisha.

"Sasa nikapewa," mjomba akasema. "Mara ya pili nilipewa."

Mchungaji aliomba sala ndefu, akaondoka, na safari zake zikapungua. Simlaumu. Hata mimi nilikuwa nikifika pale kila mchana natamani kugeuka mlangoni. Sikugeuka. Miaka kumi na mmoja nilimpelekea sahani, na watu walinisifu: tazameni mtoto wa marehemu anavyomlisha mjomba wake, huo ndio moyo. Nilizipokea sifa hizo nikazimeza. Lakini neno nililojua analingoja sikulitoa. Hakuthubutu kuniuliza. Aliniuliza habari ya mstari kwa sababu hakuweza kuniuliza habari yangu. Siku nyingine alikuwa akianza, "Mwanangu, hivi wewe..." halafu anashika kijiko. Nami nilikuwa nasema, "Kula, mjomba." Chakula ni rahisi kutoa, unapakua tu.

Ofisi ya maji ilimstaafisha. Wakafunga pale mtoni mashine yenye kioo cha jua, inajisomea na kujitumia namba yenyewe. Reli waliiacha ining'inie, ikala kutu. Yeye aliendelea kushuka ngazi kila asubuhi, na magoti yalipoanza kumgomea, alishuka kwa makalio, ngazi moja moja, mzee wa watu, na watoto wanamtazama. Mtaa wa chini ulikuwa umejengwa tena. Watu wengi walikuwa wageni waliofuata kodi nafuu. Wale wa zamani hawakumwita jina lile tena. Walimsalimu kwa heshima mno, na heshima ile ilikuwa inamuua, maana alijua wanamhurumia bila kumsamehe. Kama ile tume, alisema: pole tu, bila hukumu wala msamaha.

Mwaka huu, siku moja saa nne asubuhi, nilisikia reli.

Nilikuwa nakoroga uji. Nikauacha mwiko ndani ya sufuria. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu siku ile, na mwili uliijua kabla ya kichwa. Nilitoka nje nikawaona wanakuja, magodoro, redio, watoto, wengine wanalaani kwa sauti. Mvua ilikuwa ya manyunyu tu. Mashine haikuwa imesema neno. Maji yalikuwa bado vidole vinne chini ya mstari mwekundu, lakini alikuwa ameona majani mabichi, na safari hii hakungoja nusu saa, wala nusu dakika. Alipiga mpaka wazee wa zamani wakawatoa wageni kwa nguvu majumbani, kisha akapandishwa kilimani na vijana wawili, amelowa, anahema.

Nilipika. Nifanye nini tena? Niliweka sufuria zote tano motoni. Yeye aliketi kwenye gunia karibu na mlango wa jiko, mahali anapouona mto, na midomo yake ilikuwa inatembea.

Maji yalipanda. Saa saba yalifika mstari mwekundu, yakaulamba. Yakakaa hapo. Saa tisa yalianza kushuka, na jua likatoka.

Basi ikawa kama zamani. Watu walianza kukunja magodoro, na manung'uniko yakageuka vicheko. Mgeni mmoja akauliza huyu mzee ni nani aliyewapotezea siku ya kazi. Kinyozi, ambaye sasa ana mvi na kioo kipya, alikuwa wa kwanza kukumbuka. "Hamumjui? Huyo ndiye Nabii Mkavu!" Kicheko kikapasuka. Watoto wakalidaka lile jina, wakaanza kulipigia makofi uwanja mzima, Nabii Mkavu, Nabii Mkavu, na mmoja akatoa kiganja nje kupima mvua. Sijui nani alimfundisha.

Mjomba alicheka nao. Alicheka kwa sauti, meno yake matatu yote nje, akiwapungia mkono. "Nendeni nyumbani!" aliwaambia. "Nendeni, nyumba zipo!" Machozi yalikuwa yanamtoka. Sijawahi kumwona na furaha kama ile, na kwa kitambo kidogo nikadhani yameisha, kwamba Mungu amemletea mstari wake kwa njia nyingine.

Halafu akaacha kucheka. Nilimwona uso unabadilika, polepole, kuanzia machoni.

"Kumbe ni hivi tu," akasema.

"Nini, mjomba?"

"Kuchekwa." Alikuwa anawatazama watoto. "Kumbe ni hivi tu. Hakuumi hata kama jino. Nilidhani sitaweza kuvumilia, na ni kitu chepesi hivi." Akanigeukia. "Mama yako amekufa kwa ajili ya hiki."

Nilikaa chini, pale pale kwenye majivu. Kwa miaka yote nilikuwa nimemwachia abebe peke yake, kwa kuwa aliyeiweka nyundo chini ni yeye. Lakini mtu haogopi jina kabla halijatungwa.

"Mjomba," nikasema, "jina lile nilikutungia mimi. Humu humu jikoni."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuwa hapo dirishani. Nilikuja kukuomba maji ya kunywa." Alisema kama anayetaja namba ya asubuhi. "Nikasikia, nikarudi."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Na hukuniambia? Miaka yote hii?"

"Nikuambie iwe nini? Ulikuwa umechoka, mwanangu. Ulikuwa umepika siku mbili, na yule mwalimu amekusema vibaya." Aliutazama mkono wangu, akauona umeungua kidogo, akaupuliza. "Sikukuwekea kinyongo hata jioni ile."

Hivyo ndivyo nilivyosamehewa, bila kuomba, kabla hata ya maafa, kisha baada ya maafa tena, kila mchana kwa miaka kumi na mmoja, kila alipoipokea sahani yangu kwa mikono miwili. Na sasa alikuwa ananitazama. Hakuuliza. Aliniangalia tu, mdomo wazi kidogo, kama mgonjwa anayemwangalia daktari anayesoma karatasi. Zamu ilikuwa yangu na wote wawili tulijua. Neno lenyewe ni fupi. Nililiweka ulimini. Nikamwona mama dirishani amesikia reli, anatafuta gongo lake, anatazama mlango ambao kaka yake huingilia.

"Nikuletee uji?" nikasema.

Alifumba mdomo. "Niletee," akasema. "Ahsante, mwanangu."

Manyunyu ya asubuhi ile yalimwingia kifuani. Alilala wiki tatu, nami nikamlisha kwa kijiko, nikamgeuza, nikambadilisha shuka. Kila siku niliingia nikiwa nimeamua, na kila siku nikatoka na bakuli tupu. Nilijiambia haujafika wakati, ngoja apate nguvu kidogo, nitamwambia kesho. Kucha za vidole vyake zilikuwa zimeanza kugeuka rangi. Niliona. Nimeuguza watu, najua maana yake. Siku ya mwisho, mchana, aliniomba nimfutie begi vumbi, na nilipogeuka na kitambaa mkononi alikuwa ameshakwenda.

Begi nimelifungua. Mashati mawili, taulo, na sabuni iliyokauka ikapasuka vipande. Biblia nimeichukua, iko kwangu jikoni, kwenye rafu ya chumvi. Nikiiweka mezani inajifungua yenyewe pale pale, na baada ya kuwapakulia watoto huwa nakaa na penseli yake nasoma. Siwezi kusema sikuona, wala sikuwa na sheria ya mstari mwekundu ya kujifichia. Niliona mtu anazama mbele yangu wiki tatu, kamba iko mkononi mwangu, nikamuuliza kama anataka uji. Natafuta mahali aliposamehewa mtu wa namna hiyo. Nimemaliza Ezekieli mara mbili, nimemaliza Yeremia, jana nimeanza wale manabii wa mwisho, wenye vitabu vifupi. Bado sijauona.